Mti Niliouita Mwarobaini

Nilipewa kopo la rangi nyekundu na brashi, nikaambiwa nifuate ukingo wa mto kuanzia darajani hadi kwenye matete, na kila mti wa kigeni niutie pete. Pete moja, usawa wa kiuno, iungane hadi nyuma. Wiki inayofuata wenye misumeno wangepita na kukata kila chenye pete. Kazi nyepesi. Nilitia pete miti mitatu huku naimba. Mti wa nne ulikuwa wangu.

Niseme wazi maana ya "wangu", kwa sababu nimeshaulizwa kwa dharau na nikajibu vibaya. Chini ya mti ule nilizika kitovu cha binti yangu.

Alipozaliwa tulikuwa tunakaa Durban, mtaa wa South Beach, ghorofa ya tisa, chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia na familia ya Warundi. Kitovu kilidondoka siku ya saba, asubuhi, ndani ya nepi. Nikampigia mama yangu, yuko Uvira, kwetu Congo. Sikuwa na shida, nilitaka tu afurahi. Badala ya kufurahi akaniuliza nitakizika wapi.

"Mama, hapa chini iko simenti tupu."

"Udongo iko dunia yote," akasema. "Tafuta. Mtoto mwenye kitovu chake kiko kwa jalala, siku moja atarudi wapi?"

Halafu akakata simu, au mtandao ulikata. Kwa mama yangu huwezi kujua.

Nilikiweka kwenye kopo dogo la vazelini na kopo likakaa wiki tatu juu ya dirisha. Pwani ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni lakini mchanga wa pwani si udongo, bahari inaupanga upya kila siku. Mume wangu alipendekeza chungu cha maua cha pale chini kwenye lifti. Nilimtazama mpaka akatoka akaenda kazini kabla ya saa yake. Mwishowe jirani yangu Mrundi ndiye aliyeniambia kuhusu bustani ya mto. Kanisa lao lilikuwa likibatiza huko. Kuna nyasi, akasema, kuna miti, kuna udongo mweusi mpaka unajisikia kulima.

Nikaenda Jumamosi, mtoto mgongoni, kopo la vazelini mfukoni, kijiko cha kulia kwenye mkoba. Durban nilikuwa nimeijua kwa barabara na ngazi tu. Sikujua kwamba ndani yake mna mto unaotembea polepole namna ile, na kijani kote kote, na ndege wenye midomo mirefu wanaopita kati ya watu kama wenye nyumba. Nilitembea nikitafuta mahali. Nikaona mti. Majani yake madogo yenye meno, yamepangwa pande mbili za kijiti, kivuli chake chepesi. Mwarobaini. Tulikuwa nao uani kwetu. Mama alichemsha majani yake kwa homa, kwa tumbo, kwa upele, hata kwa hasira alitaka kutuchemshia. Kuukuta huku, ukingoni mwa mto wa watu, nilikaa chini nikalia kama mjinga.

Nikachimba kwa kijiko, nikazika, nikasali kidogo. Sikumuomba mtu ruhusa. Ningemuomba nani? Mlinzi wa getini alikuwa anakula chipsi.

Miaka mitatu iliyofuata ile bustani ndiyo ilikuwa uani kwetu. Tulikwenda Jumamosi na thermos ya chai na mikate. Binti yangu alijifunzia kutembea pale, alijifunzia kuanguka pale. Tuliangalia watu wanaokimbia bila kufukuzwa, na mbwa waliovalishwa makoti, na makanisa ya nguo nyeupe yakiingia majini na kutoka yakitetemeka. Mtoto alipopata vipele nilichuma majani ya mti wetu nikamwogeshea. Vipele vikaondoka. Nikampigia mama, nikamwambia mwarobaini wa hapa pia unafanya kazi.

Kisha nikapata kazi hapohapo. Mkataba wa miezi kadhaa, ovaroli ya rangi ya chungwa, buti kubwa kuliko miguu. Tuliokota plastiki iliyoletwa na mafuriko, tulifyeka magugu, tuling'oa mimea ambayo si ya nchi hii. Wenzangu walikuwa na utani nami kwenye hilo la mimea. Kila tukikutana na gugu gumu mmoja alikuwa anasema, sisi, ndivyo wanavyoita dada huku, huyu ni wa kwenu, zungumza naye. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya tano nilimrushia glavu.

Bustani ile haikuwa bustani tangu zamani. Upande wa juu, kwenye mteremko, kuna makaburi. Ni ya familia za Kizulu zilizoishi pale vizazi na vizazi, mpaka serikali ya wakati ule ikawapakia kwenye malori na kuwapeleka mbali. Makaburi hayakupakiwa. Kwa miaka mingi yalimezwa na vichaka, na sasa yamerudishwa, yamezungushiwa waya mdogo, na wazao wa wale watu wana viti kwenye kamati ya bustani. Mashine haziruhusiwi kupanda mteremko ule. Tunafanya kwa mikono.

Mmoja wa wazao hao nilikuwa nafanya naye kazi. Tulimwita Ma. Alihamishwa kutoka pale akiwa msichana mdogo, na sasa, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amerudi kwa ovaroli ya chungwa kama yangu. Asubuhi alifyeka nasi, jioni ya kikao alikaa upande wa kamati. Hakuwa mpole. Ukiacha reki imelala meno juu alikuita mbele za watu. Kila tulipoanza kazi kwenye mteremko alichoma majani makavu yenye harufu, akazungumza na waliolala kwa Kizulu: leo tunakuja na mafyekeo, msishtuke. Kutoa taarifa, hivyo alituelezea. Hufanyi kitu juu ya vichwa vya watu bila kuwaambia. Nilisimama nyuma, nimeinamisha kichwa kwa adabu, nikiwaza nitapika nini.

Sasa turudi kwenye rangi. Nilifika kwenye mti wa nne, nikautazama, nikaupita. Nikaendelea na wa tano.

Mchana msimamizi akapita na simu yake, ina orodha ya kila mti. Ni kijana wa Kihindi kutoka Chatsworth, anapenda mimea kuliko watu, na kwa kweli nilimpenda kwa hilo. Akaniambia nimeruka mmoja.

Nikamwambia sikuruka, ule si wa kuondolewa, ule ni mwarobaini, ni dawa, anaweza kumuuliza Mswahili yeyote. Akavunja kijiti akakigeuza kiganjani. Akasema anaujua mti ninaousema, bibi yake alikuwa nao, na huu sio. Unafanana, hata watu wa hapa huuchanganya, lakini huu ni msiringa. Maua yake ya zambarau, wa kwetu una maua meupe. Ndege hula tunda hutapakaza mbegu, nao hujaza ukingo wote mpaka miti ya hapa inakosa pa kusimama. Na matunda yake, akaongeza kama mtu anayesoma chupa ya dawa, yana sumu kwa binadamu.

Nilimwambia nimemwogesha mtoto wangu majani yake.

Akabadilika rangi. Akaniuliza kama mtoto yuko hai.

Yuko kreshi, nikamwambia, anawamalizia wenzake mkate.

Nisingeweza kusema ni nini hasa kilinikasirisha. Labda ni yale maua. Miaka mitatu niliyaona yakichanua zambarau, na miaka mitatu nilijiambia ni hali ya hewa ya huku. Mtu anaweza kutazama kitu na kukataa kukiona. Nikamuuliza msimamizi kwa nini mti uhukumiwe kwa kutoka mbali. Nilipaza sauti. Wenzangu wakaacha kufyeka.

"Mti huu umetoka Asia, kama bibi wa bibi yangu," akasema. "Sichagui mimi, sisi. Tia pete."

Nikaweka kopo chini. Nikasema sitii, na nikasema kwa nini. Neno kitovu sikulijua kwa lugha yao, nikajishika tumboni, nikafanya alama ya kukata, nikafanya alama ya kuzika, mtu mzima nacheza mchezo wa kuigiza mbele ya watu kumi.

"Inkaba," akasema Ma kutoka nyuma.

Alilitamka polepole, kwa uzito uleule ambao mama yangu huutumia. Baadaye nilikuja kujua kwamba Wazulu nao huzika kitovu, na wakitaka kujua mtu ni wa wapi huuliza inkaba yake iko wapi. Siku ile nilijua tu kwamba ameelewa. Nilidhani atakuja anishike bega. Nilikuwa tayari kushikwa.

Akaja, akasimama mbele yangu, akaniuliza nani aliniruhusu.

Sikuelewa swali. Akalirudia. Nani aliniruhusu kuweka mtu kwenye ardhi yao, kimyakimya, bila kumwambia yeyote, si aliye hai, si aliyelala? Nikamwambia kitovu si mtu.

"Basi unalilia nini?"

Nikibanwa huwa mbaya. Nikamwambia barabarani wanatupigia kelele turudi kwetu, kumbe hata kipande cha nyama kikavu, kidogo kuliko kidole cha mtoto, nacho kinawatisha. Wote walinisikia. Ma akanipa mgongo. Akachukua reki yake akaenda zake mteremkoni. Msimamizi alisema eish, basi jambo liende kwenye kikao cha Ijumaa, na mpaka Ijumaa mtu asiuguse mti.

Jioni nikampigia mama ili anionee huruma. Nilimweleza yote, msimamizi, pete, yule mwanamke na roho yake ya mawe. Mama akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akaniuliza kama niliwaambia wenyeji kabla sijazika.

"Wenyeji gani?"

"Wa pale. Si iko na wenyewe pale?"

Akanikumbusha kitu nilichokuwa nimekisahau, au nilichokuwa nimekisikia bila kukisikia. Nyanya yangu alipokuwa amepanga kwenye kiwanja cha watu, kabla ya kuzika kitovu cha mama mdogo alikwenda na pombe ya ndizi kwa mwenye kiwanja, akapiga magoti, akasema. Hata akina nyanya, katika nchi yao wenyewe, waliomba. Mama yangu hajawahi kumwona Ma, hawana lugha moja, na akakaa upande wa Ma. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyesema udongo iko dunia yote. Akasema ndiyo, alisema. Udongo iko dunia yote na wenyewe iko dunia yote.

Siku tatu kabla ya Ijumaa nilikuwa nagombana na sufuria. Sikujua ninachotaka. Kama mti si mwarobaini, nautetea wa nini? Kama una sumu, binti yangu amelindwa na nini miaka yote? Kama niliiba mahali, je, kitovu chake kimelala kwao au kwetu? Mume wangu akasema kwa upole kwamba tunaweza kukifukua tukakitafutia pengine. Nikamuuliza atafukua nini baada ya miaka mitatu, udongo upi ni udongo na upi ni mtoto? Akaenda kuangalia mpira.

Kikao hufanyika kwenye kontena la ofisi, viti vya plastiki, feni moja. Nilisimama nikaeleza, safari hii bila kuigiza. Wa kwanza kunijibu alikuwa mwanamke anayewakilisha watu wanaokimbia mazoezi bustanini, mbwa wake amelala miguuni. Machozi yalimjaa. Alisema ni habari nzuri mno, mti ubaki, na tuweke kibao chenye picha ya mtoto ili wageni wasome. Watu wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nashinda. Na nilijisikia kama mtu amenivua nguo. Sura ya binti yangu kwenye ubao, watu wanakunywa maji na kusoma. Yule alikuwa upande wangu na nilitaka kumfukuza chumbani pamoja na mbwa wake. Ningemweleza nani?

Ma akainua mkono. Alizungumza akiitazama meza. Alisema mti utoke. Mti kama ule ulijiotesha juu ya kaburi la babu yake miaka ile hawakuruhusiwa kulifikia, na waliporudi wakakuta mizizi imenyanyua mawe na kuyatupa kando, na mpaka leo hawana hakika kichwa chake kiko upande gani. Tukiuacha mmoja kwa sababu una hadithi, kesho kila mti utaletewa hadithi.

Nilikaa chini. Nilikuwa nalijua kaburi lile. Nilikuwa nimelifyekea.

"Lakini udongo wa pale usiguswe," akasema. "Pale kuna inkaba ya mtu. Msichimbe, na msimwage dawa."

Hapo msimamizi akashika kichwa. Dawa aliyoitaja Ma ni ya rangi ya buluu, inapakwa kwenye kisiki kikishakatwa, inashuka mpaka mizizini. Bila dawa, alieleza, msiringa hucheka tu. Utachipua kila upande. Itabidi mtu avunje machipukizi kwa mkono kila wiki mbili, asiache hata moja, mpaka kisiki kichoke. Nani atafanya hivyo? Mikataba yetu ilikuwa inaisha baada ya miezi miwili.

Kontena zima likanitazama.

"Mimi," nikasema.

"Hadi lini?"

"Hadi kife."

Akasema vile visiki si vya kufa upesi. Nikamwambia na mimi pia.

Ma akaweka sharti moja. Kabla ya msumeno atatoa taarifa kwa wa kwake, na mimi niwepo, na mtoto awepo, na nitaje kwa mdomo wangu nilichofanya. Nilisema sawa kwa sauti ya mtu anayesema toka hapa.

Jumatatu asubuhi tukasimama pale, Ma, mimi, binti yangu na sare yake ya kreshi, na wenye msumeno wamekaa mbali wanavuta sigara. Majani makavu yakawaka. Ma akazungumza muda mrefu. Nilishika maneno machache, msichana, mama, Congo. Kisha akanionyesha kwa kidevu, zamu yangu. Nikamuuliza niseme kwa lugha gani. Akasema nisiwe mtoto, wao wanajua.

Nilikuwa nimepanga kuomba msamaha. Nilianza vizuri. Nikasema nilikuja na kijiko, sikubisha hodi. Halafu sijui nini kilinishika, nikaanza kuwalalamikia. Nikawaambia kuhusu ghorofa ya tisa, kuhusu simenti, kuhusu mlinzi na chipsi zake, kwamba hakuna mahali palipoandikwa mtu abishe hodi wapi. Niliwagombeza wafu wa watu. Kwa Kiswahili, asubuhi, mbele ya msumeno. Nilipomaliza nilikuwa nahema. Binti yangu alikuwa ameokota matunda ya manjano chini, ameyajaza kiganjani, na Ma aliinama akayatoa moja moja kutoka kwenye vidole vyake, akamfuta mkono kwa upindo wa ovaroli.

Sikuuliza kama nilichosema kilitosha. Nilichukua kopo la rangi, nikautia pete mwenyewe, ikaungana nyuma. Wakaukata kabla ya saa ya chai.

Mkataba wangu uliisha zamani, sasa nafanya kazi kwenye duka la simu mjini. Kila Jumamosi ya pili napanda teksi naenda kuvunja machipukizi. Hutoka kwenye gome, mekundu kidogo, laini, na kama si kujua ungesema ni mboga. Mwanzoni nilidhani ndani ya miezi sita nitakuwa nimemaliza. Ukivunja matano yanarudi manane. Kuna siku nayavunja kwa chuki, kuna siku nagundua nayavunja kwa uangalifu, nachagua mahali pa kukata ili gome lisiumie, na hapo sijui tena kama naua kitu au nakitunza. Binti yangu ana miaka mitano na huuliza huo mti ulifanya nini. Namwambia akacheze.

Sijawahi kurudisha lile neno nililomwambia Ma mbele ya watu, na yeye hajawahi kulitaja. Yeye bado yuko pale, mkataba baada ya mkataba. Jumamosi iliyopita nilikwenda peke yangu. Akashuka kutoka mteremkoni, akazunguka kisiki, akainama kuangalia kama kuna mtu amechimba. Akaniuliza mtoto yuko wapi.

Nikamwambia ana mafua, nimemwacha na baba yake.

Akauliza yalianza lini, na kama anakula, na kama analala usiku. Aliuliza kwa ukali, kama mtu anayejaza fomu. Nikamuuliza anataka kujua yote hayo ya nini.

"Wataniuliza," akasema.

Nikamjibu: yalianza Jumatano, anakula, usiku anakohoa. Akayarudia kichwani ili asisahau, akapanda makaburini kwenda kuwaambia.